Bega la Kushoto

Ukungu wa Luhunga peke yake haukuuliza kitu.
Uliingia dirishani mwa zahanati, ukakaa benchi la mbele,
ukalowesha daftari langu hadi wino ukaota ndevu.
Wengine wote walikuja na swali.

Yefred Nyaulingo, mchuma chai, aliuliza akiwa bado mlangoni,
kapu mgongoni:
"Sista, mkono utauma siku ngapi?
Maana shamba halijui homa. Linajua kilo."
Siku moja, mbili, nikamwambia. Pengine na homa kidogo.
Akahesabu kwa vidole, wala si siku alizohesabu.
Akarudi Jumamosi, ameoga.

Kikoti alianzia mbali, kama mtu aliyekuja kukopa:
mvua, bei ya mbao, mguu wa ng'ombe wake,
halafu, sauti chini,
"Na ulanzi?"
Ulanzi umefanyaje?
"Unakatazwa?"
Leo pumzika, baba. Kunywa maji. Mianzi haihami.
"Haihami," akasema, "ila majirani wanagema."

Mwingine alikuwa amejifukiza wiki mbili,
mkaratusi na malimao, blanketi kichwani, jasho debe zima.
"Na bado mnataka kunichoma?"
Mvuke unafungua pua, nikasema. Haufundishi damu.
"Kumbe damu inafundishwa?"
Inaonyeshwa sura ya mwizi kabla hajabisha hodi.
"Mwizi habishi hodi, sista."
Benchi zima likacheka, nami nikacheka.
"Na akiingia hata hivyo?"
Anaweza kuingia. Lakini atamkuta mbwa wako macho.

Binti mmoja alisubiri mpaka kicheko kiishe.
"Wanasema nitafunga kizazi."
Nikamuuliza huyo Wanasema anakaa kitongoji gani.
Hakucheka.
Nikaona aibu, nikavuta kiti karibu,
nikamweleza upya, polepole, bila utani:
wapo waliochanjwa, wakashika mimba, wakajifungua salama.
Nikamwambia na lile ambalo halimo kwenye mwongozo,
kwamba mimi mwenyewe, usiku wa kuamkia zamu yangu ya kuchanjwa,
nilisikiliza mvua kwenye bati hadi jogoo.
"Nitafikiri," akasema.
Fikiri, nikasema. Tupo hadi Ijumaa.
Sijui kama atakuja.

Saa nane akaingia Lukresia Kaduma
ndani ya koti la mumewe.
Kamwene, mama. Kamwene.
Mikono ya koti ilimfika kwenye kucha,
na mfukoni, najua, bado kulikuwa na futi ya seremala.
Hakuuliza homa, wala kizazi, wala presha yake,
ambayo nilimpima naye akitazama ukutani.
"Hii," akasema, akiitazama sindano,
"ingefika kabla ya Februari ile,
mwenye koti angekuwepo?"

Mwongozo una kurasa kumi na mbili.
Nimeukariri kama sala ya asubuhi.
Una maziwa ya mama, una mzio, una dozi iliyochelewa.
Nikaupitia wote kichwani, mbele, nyuma.
Sijui, mama.

"Sijui," akarudia,
kama mtu anayeonja chumvi ya mboga.
"Wengine waliniambia ni mapenzi ya Mungu. Wengine, ni uzembe wetu.
Wewe ndiye wa kwanza kunijibu."

Nilidhani atavua koti. Hakulivua.
Alifungua kifungo kimoja, cha pili kikakataa,
akalishusha bega la kushoto taratibu,
kama unavyomvua mtu aliyesinzia ili asiamke.
Nikapangusa kwa pamba. Ngozi ikasisimka.
Baridi, labda.
Nikachoma.
Akapandisha koti kabla sijaandika tarehe.

Jioni nilirudi na sanduku la baridi, jepesi, likigongagonga paja.
Barafu ilikuwa imeyeyuka, inazungumza humo ndani peke yake.
Kwenye kona ya mianzi mtu akaniita kutoka gizani:
"Sista! Maji nimekunywa, kata tatu.
Na kesho?"